Kiyoyozi si Dirisha: Dhana Potofu Zinazoumiza Vifua Nyumbani

Kiyoyozi cha ukutani kinachofungwa kwenye nyumba nyingi za Kampala na Entebbe kina vipande viwili, kimoja ndani na kingine nje. Mabomba ya shaba yanayoviunganisha hupitisha gesi ya kupoozea tu. Hewa ya kuvuta haipiti humo. Asiyelijua hilo huangukia karibu makosa yote yanayofuata.

Dhana potofu: Kiyoyozi huleta hewa safi kutoka nje.

Ukweli: Huvuta hewa ya chumba kilekile, huipoza na kuirudisha. Wakilala watano madirisha yamefungwa, hupokezana pumzi usiku kucha, na kama mmoja ana kifua kikuu kisichotibiwa, wote wamo hatarini. Fungua madirisha yanayotazamana kwa dakika 10 hadi 15, asubuhi na kabla ya kulala. Anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi aende kupimwa. Katika vituo vya afya vya serikali kipimo cha kifua kikuu hakilipiwi.

Kosa linaloua zaidi liko hapa. Usiingize sigiri yenye makaa chumbani kwa kutegemea kwamba kiyoyozi kitaondoa moshi. Monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa yanayowaka, haina rangi wala harufu, na hakuna chujio la kiyoyozi linaloizuia. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha, umeme unapokatika.

Dhana potofu: Maadamu kinapoza, ni kizima.

Ukweli: Kinaweza kupoza vizuri huku kikipuliza kuvu. Koili ya ndani, yaani mabomba yaliyokunjwa yanayopoza hewa, ikiwa baridi hutokwa na jasho. Maji hudondokea kwenye trei na kutoka kwa bomba dogo. Vumbi jekundu la barabarani likipita chujio chafu, hugandana na unyevu huo kwenye koili na kwenye feni ndefu iliyo nyuma ya matundu ya hewa. Kuvu humea hapo, na mwenye pumu au mafua ya mzio huanza kukohoa dakika chache baada ya kukiwasha.

Osha chujio kila wiki 2 wakati wa kiangazi (Desemba hadi Februari, Juni hadi Agosti), na kila mwezi wakati wa mvua. Zima swichi ya ukutani, si rimoti pekee. Inua mfuniko, chomoa chujio, lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ulianike kivulini hadi likauke kabisa. Likirudishwa bichi hulisha kuvu. Kazi hii asiifanye mwenye pumu.

Kisha mulika tochi kwenye matundu. Ukiona madoa meusi kwenye feni, kuosha chujio hakutoshi: fundi aoshe feni na koili kwa pampu, angalau mara moja kwa mwaka. Mwombe pia amwage lita moja ya maji kwenye trei. Yasipotoka nje mara moja, bomba limeziba, mara nyingi kwa utando au wadudu waliojenga mdomoni mwake.

Dhana potofu: Kikinuka, gesi imepungua, ijazwe kila mwaka.

Ukweli: Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na haitumiki kama mafuta ya gari. Ikipungua kuna tundu, na fundi alizibe kwanza. Harufu ya soksi mbichi ni kuvu. Kupuliza manukato huongeza tu kinachochokoza mapafu, na jiki hula alumini ya koili na kuacha mvuke mkali chumbani.

Na je, baridi ya kiyoyozi huleta nimonia? Nimonia husababishwa na vijidudu, si baridi yenyewe. Hata hivyo, hewa baridi na kavu inaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu. Weka nyuzi 24 hadi 26, elekeza upepo juu, mbali na kitanda, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu. Mtoto akipumua huku mbavu zikibonyea ndani, au midomo ikigeuka bluu, mpelekeni hospitali papo hapo.