Muhuri wa mpakani si kibali cha kazi

Wiki hii tena nimeletewa pasipoti ambayo siku zilizogongwa mpakani zimeshakwisha, na mwenyewe hana habari. Ni kijana wa Mwanza, fundi mzuri wa kompyuta, ameajiriwa hapa Nairobi na yuko kazini tangu wiki aliyofika. Nilipomwuliza kibali akanijibu kwa utulivu kabisa: "Dada, mimi ni wa Afrika Mashariki. Sisi hatuhitaji." Kazi yangu ni kushughulikia karatasi za wageni, na jibu hilo nimelisikia kwa Watanzania, Waganda, Wanyarwanda na Warundi mpaka limenichosha. Watu wamepoteza kazi kwa sababu yake.

Najua lilikotoka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, tukaambiwa mipaka imefunguka. Kisha tarehe 28 Novemba 2017, alipoapishwa kwa muhula wa pili pale Kasarani, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba watu wa Afrika Mashariki wataweza kufanya kazi, kufanya biashara, kumiliki mali, hata kuoa na kukaa Kenya, wakiwa na kitambulisho tu. Nilifurahi kama wengine. Lakini hotuba haifuti sheria. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 bado inamtaka mgeni anayefanya kazi awe na kibali, na anayepatikana bila hicho anaweza kupigwa faini ya hadi shilingi 500,000 za Kenya, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Afisa akija kukagua ofisini kwenu, sheria hiyo ndiyo anayokuja nayo.

Wengine wanachanganywa na ada. Kenya imewaondolea raia wa Jumuiya ada ya kibali cha kazi. Ada ndiyo imeondolewa. Kibali kipo palepale.

Sasa tuje kwenye muhuri, na hapa nitakawia kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoumia. Mtanzania, Mganda, Mnyarwanda au Mrundi akiingia Kenya hahitaji viza, wala ile idhini ya kielektroniki ya kusafiri iliyoanza Januari 2024. Anapewa pasi ya mgeni, na itifaki inaruhusu hadi miezi sita. Miezi sita ni kikomo cha juu. Siku zako wewe ni zile ulizogongewa. Unashuka basi mpakani Namanga alfajiri, macho mazito, foleni ndefu, nyuma yako mama ana watoto wawili na mizigo. Afisa anakuuliza unaenda kufanya nini na kwa muda gani. Unajibu "kumtembelea shangazi, wiki mbili" kwa kuwa ndilo jibu lililokuja mdomoni, naye anakuandikia wiki mbili. Amekupa ulichoomba. Unafunga pasipoti, unarudi kwenye basi, na tangu hapo unaishi ukiamini una miezi sita. Tafadhali, kabla hujaondoka dirishani fungua ule ukurasa. Soma tarehe, soma idadi ya siku iliyojazwa kwa kalamu, na kama huielewi mwulize afisa yuleyule hapohapo.

Je, umwambie kwamba umekuja kutafuta kazi? Wenzangu wa kazi hii hatukubaliani. Itifaki inamruhusu mfanyakazi kuingia nchi mwanachama kutafuta ajira, ila afisa mmoja atakuelewa na mwingine atakuweka pembeni akuhoji. Kuna wenzangu wanaowaambia vijana waseme wanatembea tu. Mimi nashauri useme kweli, ingawa nakiri kuna siku ushauri huo humchelewesha mtu mpakani. Siku ya kuomba kibali sitaki maelezo yako ya Namanga yapingane na mkataba wako.

Halafu kuna dawa ya mtaani: toka kidogo Namanga au Busia, rudi na muhuri mpya. Huo mpya nao ni wa mgeni, na haukupi haki ya kufanya kazi hata asubuhi moja. Tena pasipoti yenye muhuri wa kutoka na wa kuingia wa siku ileile, mara kwa mara, inajieleza yenyewe mbele ya afisa yeyote. Kama bado u mgeni wa kweli na muda unakaribia kwisha, omba kuongezewa kabla ya tarehe kufika. Hili lina uzito kwa sababu ukiomba kibali ukiwa tayari nchini unatakiwa uonyeshe kwamba uko kihalali. Tarehe ikishapita, faili lako linaanza na doa kabla halijasomwa.

Kibali chenyewe, kwa mwajiriwa, anayekiomba ni mwajiri. Fomu 25, barua ya mwajiri, mkataba, vyeti, picha, nakala ya pasipoti. Vyote vinapitia mtandaoni siku hizi. Mganda au Mnyarwanda anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha kwao, lakini kwa kibali atafute pasipoti mapema. Itifaki inasema mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kuufunga, na mamlaka itoe ndani ya siku 30. Hizo 15 zishike kama zilivyo. Hizo 30 usizipangie maisha, kwa maana faili ninazozifuatilia Nyayo House, makao ya idara ya uhamiaji, mara nyingi hukaa zaidi.

Na katika kungoja ndipo ninapopata shida ya kweli. Sheria inataka usianze kazi. Mwenye nyumba anataka kodi tarehe tano. Ipo pasi maalumu, ya shughuli za muda mfupi, hadi miezi mitatu, na mwajiri makini huiomba ili mtu wake asikae hewani. Wasio makini humwambia kijana "anza tu, tutarekebisha". Namshauri kijana akatae, huku nikijua ninamwomba akatae mshahara ambao nyumbani wameshaanza kuuhesabu. Sijapata jibu linaloniridhisha zaidi ya hilo.

Wanafunzi: pasi ya masomo ni ya masomo. Haikuruhusu kuajiriwa jioni.

Ukishapata kibali, mengine yanafuatana, na mpangilio wake hauna mkato. Anayekaa zaidi ya siku 90 lazima ajisajili apewe kadi ya mgeni. Kwa kadi hiyo unajisajili iTax, tovuti ya kodi, upate PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Kwa PIN unafungua akaunti ya benki, na kwenye akaunti ndiko mshahara unakoingia. Watu wananijia wakiilaumu benki, nikitazama nakuta walianzia mwisho wa safari.

Laini ya simu isajili kwa pasipoti yako mwenyewe, siku ya kwanza. Usikubali ya rafiki. Laini iliyo kwa jina lake, M-Pesa ni yake, na siku mkikosana au laini ikifungwa wewe huna cha kuonyesha kwenye duka la kampuni ya simu.

Nyumba nitaipita haraka kwa sababu mwenye macho huiona. Usimlipe dalali ada ya kutazama, usitume diposti, yaani amana ya nyumba, kwa nyumba uliyoiona kwenye picha. Nenda Roysambu au Umoja mwenyewe, soma vibao vya getini, ongea na keateka, yaani msimamizi wa jengo, kisha umvizie mpangaji akitoka na ndoo umwulize maji huja siku gani. Uliza kama mita ya tokeni za umeme ni yako peke yako. Kodi na diposti zilipe kwa njia inayoacha jina la mwenye nyumba, na udai risiti.

Limebaki la kuhama kazi, ambalo hata waliokamilisha kila kitu hulisahau. Kibali cha mwajiriwa kimefungwa kwa mwajiri aliyekiomba. Ukipata kazi bora Westlands au Upper Hill, hakiji nawe. Mwajiri mpya anaomba chake upya, na wewe hupaswi kukaa kwenye kiti chake kabla hakijatoka. Mweleze hivyo siku ya mahojiano, mkubaliane nani ataomba na lini, ndipo uandike barua ya kuacha kazi ya zamani.