Kioo cheusi hakimaanishi Linux imekufa

Laptopu yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ikiwashwa ikabaki kioo cheusi, utasikia: "Ubuntu imekufa, hapo ni kupiga Windows tu." Kwa mafundi wengi hapa Dodoma hukumu hiyo hutoka kabla laptopu haijakaa vizuri mezani, na mwenye mashine, mara nyingi mwanachuo, anakubali kila kitu kifutwe.

Ukweli ni kwamba kinachogoma kwa kawaida ni programu moja, ile inayoleta dirisha la kuingilia: GDM kwenye Ubuntu, SDDM kwenye ndugu yake, Kubuntu. Mfumo wenyewe uko hai. Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Yakija maandishi ya login:, andika jina lako, kisha nywila (haitaonekana ukiichapa, hata nyota hutaziona, kibodi ni nzima). Piga ls (amri ya kuorodhesha faili) na Enter, faili zako hizo hapo. Chomeka flashi unakili za muhimu kwanza, ugomvi baadaye.

Wengine husema kadi ya picha imeungua. Imeungua vipi, na nembo ya kampuni umeiona ulipowasha? Anza na df -h, amri inayoonyesha diski imejaa kiasi gani. Sehemu iliyoandikwa /, yaani ile ya mfumo wenyewe, ikisoma 100%, GDM haina pa kuandika faili zake za muda, inaanguka. Laptopu zilizogawana diski ndogo na Windows ndizo zinazoongoza kwa hili. Piga sudo apt clean, halafu sudo journalctl --vacuum-size=100M, kufuta vifurushi vilivyopakuliwa na kumbukumbu za zamani za mfumo (sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi), uwashe upya. Kama nafasi ipo, journalctl -b -u gdm itakuonyesha GDM ilikwamia wapi. Wenye Nvidia, tatizo likianza baada ya kusasisha, ingieni menyu ya GRUB (inayotokea kabla mfumo haujawaka) mchague kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya zamani. Ikiwaka, kadi haina kosa. Draiva, programu inayoiendesha kadi, ndiyo haikuendana na kerneli mpya.

Halafu kuna hii ya "nimesahau nywila". Ukikosea nywila unaambiwa umekosea. Kioo kikipepesa na kukurudisha palepale, nywila imepita, ila eneokazi (desktop) limeshindwa kufunguka. Kama diski haijajaa, piga ls -l ~/.Xauthority, faili ya ruhusa ya kufungua eneokazi. Ikiwa mali ya root (msimamizi mkuu), kuna mtu aliwahi kuendesha startx, amri ya kuwasha eneokazi, kwa sudo. Irudishe kwako:

sudo chown $USER: ~/.Xauthority

Na kuzima kwa kushikilia swichi, ukirudia mara kwa mara ukidhani itajirekebisha, kunaweza kuharibu faili zilizokuwa zinaandikwa. Kwenye skrini ileile ya maandishi, sudo reboot inatosha.