Kiporo si makapi

Tumekua tukiambiwa kiporo hakina kitu, kinajaza tumbo tu. Si kweli. Wali ukipoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kukaza. Ndiyo maana punje za asubuhi ni ngumu na zinaachana. Huo huitwa wanga sugu. Utumbo mwembamba hauumeng'enyi, kwa hiyo hufika utumbo mpana, ambako bakteria huuchachusha na kutoa butireti, asidi inayolisha seli za ukuta wa utumbo. Viazi navyo ni hivyo hivyo. Ukipasha moto, wanga huo hauishi wote. Ila usitarajie miujiza: ni sehemu ndogo tu ya sahani.

Wasiwasi wa bibi zetu ulikuwa na msingi mahali pengine. Wali ukilala kwenye sufuria jikoni, mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, zisizokufa kwa kupikwa, huamka na kutoa sumu ambayo hata ukiuchemsha tena haitoki. Basi utandaze kwenye sinia upoe upesi, na ndani ya saa moja au mbili uwe kwenye friji, chini ya nyuzi 5. Asubuhi, kaanga na kitunguu, maharage ya jana pembeni.