Amaro ya Italia: si zote ni shubiri, na wala si dawa ya tumbo

Amaro kwa Kiitaliano maana yake ni "chungu", na wengi wanaishia hapo hapo. Wakisikia chungu wanakumbuka mwarobaini walionyweshwa utotoni, wanasukuma gilasi kando. Mimi naipenda sana pombe hii ya mitishamba, na inaniuma ikihukumiwa kwa jina.

"Zote ni chungu kama shubiri"

Fernet-Branca ya Milano, iliyoanza mwaka 1845, kweli ni chungu kama shubiri, kwa sababu shubiri yenyewe imo ndani, pamoja na zafarani, manemane na mimea mingine, jumla aina 27. Kilevi chake ni asilimia 39. Tatizo ni kwamba watu wengi huanzia kwa hiyo, halafu wanadhani wamezimaliza zote.

Anza na Montenegro ya Bologna, laini, yenye harufu ya chungwa. Au Averna, iliyoanzia Caltanissetta, Sicilia, mwaka 1868. Mimina kidogo: gilasini ni nyeusi kama kahawa, lakini ukiiinua kwenye mwanga, pembeni inang'aa wekundu. Ukionja, unakutana kwanza na utamu wa sukari iliyoungua, kisha ganda la chungwa. Uchungu unafika mwisho, nyuma ya ulimi, ukiwa umeshameza. Bila uchungu huo, utamu ule ungekinaisha kwa mafunda mawili.

"Inasaga chakula, kwa hiyo ni dawa"

Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote, na ina mizizi. Waitaliano wenyewe huiita digestivo, kinywaji cha baada ya mlo, na zamani Fernet ilinadiwa hata kama tiba ya kipindupindu. Ni kweli kwamba ladha chungu huongeza mate mdomoni. Lakini kilevi chenyewe kinavuta upande wa pili. Mwaka 2010 watafiti wa Zurich waliwalisha watu jibini iliyoyeyushwa. Baadhi wakashushia kwa mvinyo, wengine kwa chai ya rangi. Kwa wale wa mvinyo, chakula kilikawia zaidi tumboni.

Kunywa amaro kwa sababu ni tamu kwako. Tumbo likikusumbua mara kwa mara, nenda ukaonane na daktari. Na tafadhali, mjamzito asipewe eti kwa kuwa "ni mitishamba tu". Ni pombe.

"Inapigwa funda moja"

Utakosa karibu kila kitu. Mililita 30 au 40 zinatosha kwa mazungumzo ya nusu saa. Weka kipande kimoja cha barafu na ganda la chungwa ulilolikamua juu ya gilasi mafuta yake yaruke. Barafu ikizidi, harufu inajifunga. Argentina wao huchanganya Fernet na Coca-Cola, na wanaimimina soda polepole kwa sababu povu lake hupanda hadi kumwagika.

"Cynar ina ladha ya mboga"

Hapana. Cynar ni amaro nyingine. Ndani yake imo atichoki, aina ya mboga, na picha yake iko kwenye chupa, lakini kuna mimea mingine pia. Ina kilevi asilimia 16.5 tu, iongezee maji ya soda, unywe kabla ya kula.

"Chupa ikifunguliwa lazima iishe upesi"

Sukari na kilevi vinailinda kwa miezi mingi. Funga kizibo vizuri, iweke kabatini mbali na jua. Friji si lazima.