Baada ya 16 si lazima ije 32

Kila msimu wa mitihani wanafunzi, na wakati mwingine wazazi wao, huniletea swali lile lile: 1, 2, 4, 8, 16, kisha ngapi? Huja wakiwa tayari na 32 mkononi, wakinitaka nikubali tu kwamba hakuna jibu jingine. Dhana hii, kwamba namba chache za mwanzo hulazimisha inayofuata, ndiyo inayonichosha kuliko zote.

Chora duara, weka nukta kwenye mzingo wake, kisha unganisha kila nukta na nyingine zote kwa mistari iliyonyooka, uhesabu maeneo yanayopatikana ndani. Nukta moja huliacha duara likiwa eneo 1. Mbili hutoa maeneo 2, tatu 4, nne 8, tano 16. Nukta sita hutoa 31, na saba hutoa 57. (Usizipange kwa nafasi zilizo sawa, kama wafanyavyo wanafunzi wapenda unadhifu, kwani mistari mitatu itakutana katikati na eneo moja litapotea.)

Asiyeridhika na duara achukue zao la (n−1)(n−2)(n−3)(n−4)(n−5), n ikiwa nafasi ya namba katika mfuatano, ambalo ni sifuri katika nafasi ya kwanza hadi ya tano, ilhali katika ya sita ni 120. Akijumlisha nusu ya zao hilo na kanuni ya kuzidisha kwa mbili, namba tano za mwanzo zitabaki zilivyo na ya sita itakuwa 92. Akitumia robo badala ya nusu, itakuwa 62. Mtunzi wa mtihani asiyetaja kanuni anayoikusudia hapimi hisabati, bali anamtaka mtahiniwa abahatishe yaliyomo kichwani mwake.

Wengine huamini kwamba kutafuta tofauti kati ya namba zinazofuatana hufichua kanuni daima. Njia hiyo hufaa kwa 2, 6, 12, 20, 30, lakini haikusaidii kitu kwa 1, 11, 21, 1211, 111221, ambamo kila namba inaieleza iliyoitangulia: 1211 ina 1 moja, 2 moja, kisha 1 mbili, ndiyo maana hufuatwa na 111221. Baada ya hiyo huja 312211.

Wapo pia wanaodhani kwamba kanuni iliyojaribiwa mara nyingi imekwisha kuthibitishwa. Nawapa n²+n+41, inayohusishwa na mwanahisabati Leonhard Euler, wajaribu wenyewe: kuanzia 0 hadi 39 hutoa namba tasa tupu, na ifikapo 40 hutoa 1681, yaani 41 mara 41.