Uzito wa Vifaa vya Kamera ni Suala la Afya Mahali pa Kazi

Kila mwaka inapokaribia tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, maswali ya wananchi huongezeka, na safari hii mengi yametoka kwa kundi ambalo zamani halikuwa likifika kwetu sisi tunaoshughulikia afya ya wafanyakazi: wapiga picha wa magazeti, wa televisheni na, zaidi ya wote, wa harusi na sherehe. Wanalalamikia bega, shingo, kiuno na ganzi ya vidole. Wengi wamekwisha kumeza dawa za kutuliza maumivu kwa miezi, baadhi wamechomwa sindano zaidi ya mara moja, na karibu wote, wanapoulizwa begi lao lina kilo ngapi, hujibu kwamba hawajawahi kulipima.

Kijana mmoja anayepiga picha za harusi hapa Dar es Salaam alikuja kwetu na begi lake mgongoni, nasi tukaliweka begi juu ya mizani kabla ya kumpima yeye mwenyewe. Mizani ilisoma kilo 14.6. Tulilifungua tukatoa kimoja kimoja: kamera mbili za Canon 5D Mark IV, kila moja gramu 890 pamoja na betri yake, lenzi ya milimita 24-70, gramu 805, lenzi ya 70-200, karibu kilo moja na nusu, lenzi pana ya 16-35, gramu 790, flashi mbili, tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, ya kilo 2.5, kompyuta mpakato na chaja yake. Begi tupu peke yake lilikuwa na kilo 2.7. Chini kabisa kulikuwa na betri zilizokwisha, kebo za kamera aliyokuwa amekwisha kuiuza na mwavuli, vyote pamoja zaidi ya kilo moja ambayo amekuwa akiizungusha mjini kila Jumamosi bila kuifanyia kazi yoyote. Alipovua shati, bega la kulia lilikuwa na mstari mweusi wa ngozi iliyokakamaa, upana wa vidole viwili, mahali mkanda unapokaa.

Watu wakisikia kilo 14 huuliza ni mzigo gani huo, ilhali mpagazi wa sokoni anabeba gunia la lumbesa na bado anatembea. Hoja hiyo tunaisikia kila siku na haina msingi. Kwanza, mpagazi huyo naye anaumia, na ukiona anatembea leo usidhani mgongo wake ni mzima. Pili, gunia hubebwa kwa dakika chache kisha likatuliwa, wakati mpiga picha wa harusi huanza saluni saa tano asubuhi, akaenda kanisani au msikitini, akapita ufukweni kwa picha za maharusi, akamaliza ukumbini saa sita usiku. Hizo ni saa 13. Msuli uliokazwa muda wote haupati damu ya kutosha hata kama uzito si mkubwa, kwa sababu mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake hubanwa na mkazo wenyewe, na hapo ndipo uchovu wa jioni hugeuka taratibu kuwa maumivu ya kudumu.

Wapo pia wanaotuletea kiwango cha kilo 55, ambacho kimo katika Pendekezo Na. 128 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967, kama uthibitisho kwamba begi la kamera ni jepesi. Pendekezo hilo linataja kilo 55 kuwa ukomo wa juu kwa mwanamume mtu mzima, na ukomo wa juu si kipimo cha usalama. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, katika kanuni yake ya kunyanyua mizigo iliyorekebishwa mwaka 1991, inaanzia kilo 23 pale tu mzigo unapokuwa karibu na mwili, kwenye kimo kizuri, bila kujipinda na bila kurudiarudia, na kiasi hicho hupungua kila sharti mojawapo linapokosekana. Mpiga picha hukosa karibu masharti yote kwa pamoja, kwa kuwa huchuchumaa, hupanda kiti, hujipinda kumfuata bibi harusi, na hunyoosha mikono mbele akiwa ameshika kamera yenye lenzi ndefu.

Hilo la kunyoosha mikono linahitaji kueleweka vizuri. Kamera na lenzi ya 70-200 pamoja ni takriban kilo 2.4. Ukiishika sentimita 40 mbele ya mwili, mgongo unalemewa sawasawa na kilo 9.6 iliyoshikwa sentimita 10 tu kutoka mwilini, na hesabu ni ile ile ya mizani ya mkono tunayoiona sokoni, ambapo jiwe dogo lililo mbali huinua kikapu kizito kilicho karibu. Kwa hiyo viwiko vikae ubavuni, kamera ikae usoni, na usikodolee kioo cha nyuma ya kamera huku umenyoosha mikono, labda kwa picha moja ambayo haipatikani kwa njia nyingine. Anayepiga picha za mpira katika Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa lenzi ya milimita 400, ambayo hata ile mpya iliyopunguzwa uzito ina kilo 2.8 bila kamera, hana sababu ya kufanya kazi bila fimbo ya mguu mmoja, yaani monopodi. Kwa dakika 90 za mchezo, ardhi ndiyo ibebe, si bega.

Sasa kuhusu begi. Begi la mkanda mmoja wa kuvuka kifua linafaa kwa kamera moja na lenzi moja kwa saa chache, na zaidi ya hapo halifai. Mkanda mmoja hukandamiza njia ya neva zinazoshuka kutoka shingoni kwenda mkononi, ndiyo maana wengi hulalamika ganzi ya vidole wakadhani ni baridi au ni damu nzito. Tumieni begi la mgongoni lenye mkanda wa kiuno, na mkanda huo ukae juu ya mfupa wa nyonga, si tumboni kama mkanda wa suruali. Ufungwe kwanza huo, kisha ndipo mikanda ya mabega ivutwe kiasi cha kulisogeza begi mgongoni. Ukifanya kinyume, mabega yatabaki na mzigo wote na mkanda wa kiuno utakuwa pambo. Vitu vizito vikae upande wa mgongo. Kamera isining'inie shingoni kwa mkanda mwembamba uliokuja nayo kwenye boksi, kwani shingo tayari inabeba kichwa chenye karibu kilo tano. Na anayepanda bodaboda na begi mgongoni ajue kwamba kila shimo la barabara linaupiga uti wake kwa uzito wa begi juu ya uzito wa mwili wake; ni heri bajaji, na begi likae kitini.

Kuhusu ile mikanda mipana ya kufunga kiunoni inayouzwa kwa sifa ya kulinda mgongo, NIOSH iliitathmini mwaka 1994 na haikupata ushahidi wa kutosha kwamba inamkinga mfanyakazi mwenye afya asiumie. Tumelisema hili kwenye semina nyingi, na bado watu wananunua mkanda huo badala ya kupunguza begi. Tafadhali, fedha hiyo iongezwe kwenye malipo ya msaidizi wa kubeba stendi na taa.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni nani mwenye wajibu. Pale kwenye Mlima Kilimanjaro, mzigo wa mpagazi hupimwa kwenye mizani getini, na ukomo wake ni kilo 20. Mpiga picha anayetumwa na chombo cha habari au na studio hapimiwi popote, ingawa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamhusu kama inavyomhusu mfanyakazi wa kiwandani. Mwajiri anatakiwa kusajili mahali pa kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, kufanya tathmini ya vihatarishi, na kuwapima wafanyakazi afya kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara wakiwa kazini. Uzito wa vifaa uandikwe katika tathmini hiyo pamoja na muda wa kubeba, idadi ya watu waliopangwa na usafiri wao. Tathmini inayotaja nyaya za umeme na vizima moto bila kutaja begi la mpiga picha haijakamilika, na mkaguzi anayo mamlaka ya kumwandikia mwajiri notisi ya marekebisho yenye muda maalumu. Kuipuuza notisi hiyo ni kosa, na mahakama inaweza kutoa adhabu ya faini, kifungo au vyote viwili.

Upande wa fidia, mwajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi asilimia 0.5 ya mishahara, na mchango huo haukatwi kwa mfanyakazi hata shilingi moja. Mfanyakazi akiumia kazini, kwa mfano akaanguka na begi ngazini, amjulishe mwajiri mara moja, na mwajiri aupe Mfuko taarifa ndani ya siku 7. Haki ya kudai hupotea ajali isipotolewa taarifa ndani ya miezi 12. Tunasikitika kupokea watu wanaokuja mwaka wa tatu, hawana cheti cha daktari wala maandishi yoyote, wakiamini kwamba maumivu yenyewe ni ushahidi. Aliyejiajiri hamo katika mfuko huu, kwa hiyo ulinzi wake ni bima atakayoikata mwenyewe na bei atakayompa mteja, ambayo inapaswa kujumuisha mtu wa pili wa kubeba.

Ganzi isiyoisha baada ya kupumzika siku mbili, mkono unaoangusha vitu, au maumivu yanayoshuka mguuni hadi chini ya goti ni dalili za kwenda hospitali na si za kuchuliwa. Nendeni na begi lenyewe likiwa kama lilivyo siku ya kazi, ili daktari aone mnachobeba, na ombeni maelezo ya daktari yataje aina ya kazi mnayoifanya. Nakala moja apewe mwajiri kwa kusainiwa tarehe ya kupokea. Akikataa kusaini, andikeni tarehe, saa na jina la aliyekataa, kisha pelekeni taarifa hiyo wenyewe katika ofisi ya OSHA iliyo karibu.