Mawe ya mapangoni na joto la kale la Aktiki: yanayosemwa na yalivyo

"Habari za joto la kale la Aktiki, eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, zimo kwenye barafu tu."
Tatizo la barafu ni kwamba joto likizidi inayeyuka, na kipindi cha joto ndicho tunachokitafuta. Barafu ya Greenland haisomeki kwa mpangilio zaidi ya miaka 130,000 hivi. Mapango hufanya kinyume: huandika wakati wa joto na kunyamaza wakati wa baridi.

Anayechemsha maji ya kisima hapa Mombasa anaujua ule ukoko mweupe chini ya sufuria. Ni chokaa ileile inayojenga mawe ya mapangoni. Mvua hupenya udongoni, hubeba hewa ukaa, huyeyusha mwamba wa chokaa; tone likifika pangoni gesi hutoka na chokaa huganda, tabaka juu ya tabaka. Ardhi ikiganda mwaka mzima, njia ya maji huziba na jiwe halikui. Ndiyo maana stalagmiti (mawe yanayoota kutoka sakafuni mwa pango) za pango la Ledyanaya Lenskaya, Siberia, karibu na latitudo 60 kaskazini, ni ushahidi muhimu: mara ya mwisho zilikua miaka kama 400,000 iliyopita, na tangu hapo kimya.

"Urefu ndio umri."
Hapana, kasi ya ukuaji hubadilika mno. Jiwe hupasuliwa kwa urefu, hung'arishwa, kisha unga wa miligramu mia moja au mbili huchimbwa kwa keekee ndogo kama ya daktari wa meno, ukifuata tabaka moja. Urani huyeyuka majini, thoriamu karibu haiyeyuki kabisa; kwa hiyo jiwe bichi lina urani bila thoriamu, na thoriamu-230 inayoonekana baadaye imezaliwa humo humo, urani inapooza polepole; kiasi chake ndicho hutoa umri. Kipimo hiki huishia kama miaka 600,000. Zaidi ya hapo hutumika urani na madini ya risasi.

Umri unapokosewa, mara nyingi mkosaji ni udongo. Vumbi lake huja na thoriamu yake na umri hutoka mkubwa kupita kiasi. Thoriamu-232, aina inayokuja na udongo, ndiyo humfichua. Tabaka lenye vitundu, jeupe kama chaki, liache: huenda maji yameiba urani.

Na kipimo cha kaboni-14, kinachotumika kwa mifupa na mkaa? Hukoma kwenye miaka 50,000, tena sehemu ya kaboni hutoka kwenye mwamba wenyewe.

"Jiwe likiacha kukua, paliganda."
Labda ufa uliziba tu, au tone lilihama. Hupimwa mawe kadhaa ya pango moja, kisha mapango kadhaa kutoka kusini hadi kaskazini.

"Kumbe joto la leo ni la kawaida."
Hapana. Hewa ukaa huongeza joto, na miaka 400,000 iliyopita ilikuwa karibu sehemu 280 kwa milioni ya hewa. Leo imepita 420.

"Basi tupime mapango ya Shimoni, huku pwani ya Kenya."
Shimoni hapajawahi kuganda. Tone likikatika pale, linazungumzia mvua. Habari za ncha za dunia pwani hii huletwa na bahari: miaka kama 125,000 iliyopita barafu ya huko ilipungua, na maji yakapanda mita 6 hadi 9 juu ya yalipo sasa.